Siku Cucu Alipong'oa Maua ya Mpakani

Bwana apewe sifa, akina mama wa Murang'a. Asanteni kwa kuitikia, hata nyinyi wa nyuma mlioitikia huku mkitafuta miwani. Mimi ni Mama Wambui, nimetoka Mweiga, huko kwa baridi, kwa viazi na maziwa. Mwenyekiti wenu ameniomba nisimame nishuhudie yale Bwana alinitendea, kisha akaninong'oneza nisizidishe kwa sababu chakula kiko tayari. Nitajaribu. Lakini mtu aliyekaa na woga muda mrefu kama mimi akishapewa nafasi ya kusema, kumnyamazisha ni kazi.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba nilikuwa mlevi nikaacha pombe. Pombe sijawahi kuionja. Nilikuwa nimeokoka, niko kwaya, fungu la kumi la maziwa natoa, na bado nilikuwa mtumwa. Mtumwa wa woga! Na woga wenyewe ulikuwa wa kitu kimoja tu: kwamba siku moja mume wangu atakufa, na mimi na wasichana wangu wawili tutatolewa kwetu, tuende tusikojua.

Niliolewa na Gichuki, fundi wa mawe, kijana wa mwisho wa mzee mmoja wa huko kwetu. Mzee huyo, baba mkwe wangu, alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza ni shemeji yangu Muriuki. Wa pili ni wifi yangu Nyakio, aliyeolewa Kianyaga. Wa tatu ndiye Gichuki wangu. Mama yao, mama mkwe wangu, yuko hai mpaka leo, na sisi sote tunamwita Cucu, yaani nyanya. Binti yangu mkubwa Wambui ana jina lake, na akili zake pia, maana hakuna kinachompita.

Sasa sikilizeni, hasa nyinyi mliozaliwa hapa mjini. Huko kwetu mwanamume hapewi shamba. Anaonyeshwa. Baba anaamka asubuhi, anawaita vijana wake, wanatembea pamoja kwa shamba, anasema wewe ni hapa mpaka pale, na wewe ni pale mpaka mtoni. Kisha anapanda matoka kwenye mpaka. Itoka ni lile ua jeupe la zamani lenye kitunguu kinachoenda chini sana. Likishapandwa mpakani halisogezwi, na anayeling'oa watu wanamwogopa, wanasema amejitafutia laana. Mzee alifanya hivyo kabla mimi sijaolewa. Muriuki akaonyeshwa upande wa juu, Gichuki akaonyeshwa upande wa chini, katikati mstari wa matoka. Watu walikula mbuzi, wakaomba, wakaenda nyumbani. Kila mtu akajua maneno ya shamba yamekwisha.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa akiwa ameshiba siku zake. Na hati ya shamba? Hati ilibaki kwa sanduku la Cucu, ikiwa na jina la mzee. Hakuna aliyeiuliza. Kuiuliza ingekuwa ni kumwambia Cucu kwamba unamngojea afe. Kwa hivyo tulijenga nyumba ya mawe kwenye shamba la marehemu, tukajenga zizi kwenye shamba la marehemu, tukazaa watoto na kupanda viazi na nyasi za ng'ombe, na sisi tukijiita wenye shamba. Gichuki alichonga kila jiwe la ile nyumba kwa mkono wake. Mimi nilinunua mabati kwa maziwa.

Sikuwa na wasiwasi wakati huo. Wasiwasi uliingia siku nilipopita kwa Mama Njoki.

Mama Njoki alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya pili, na mume wake alikuwa amefariki muda si mrefu. Nilikuwa napeleka maziwa asubuhi, nikakuta matoka yametupwa njiani, kitunguu juu, majani chini, udongo bado ni mbichi. Mashemeji zake walikuwa wameyang'oa yote. Walisema ndugu yao alikuwa ameazimwa tu, kwamba hati ni ya baba yao, na kwamba yeye Mama Njoki kama ana karatasi yake ailete. Hakuwa nayo. Nani ana karatasi? Leo Mama Njoki amepanga chumba Nyeri mjini, anauza sukuma wiki, na kaburi la mume wake liko ndani ya uzio ambao hawezi kuingia bila kuomba ruhusa.

Ndugu zangu, nilisimama pale njiani na debe langu la maziwa. Nilijiona mimi. Nina shemeji kama yeye. Hati ni ya marehemu kama yake. Na mimi nina wasichana watupu, sina kijana hata mmoja, na shemeji yangu Muriuki alikuwa ameshasema mbele ya watu, katika arusi, ati, "Hawa wa Gichuki ni wa kuolewa. Shamba itarudi tu nyumbani." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimebeba sahani za wageni na sikujua nifanye nini.

Kuanzia siku hiyo nikaanza tabia ambayo hata sasa naona haya kuisema. Kila asubuhi kabla ya kukamua, nilishuka mpaka kwenye matoka nikayaangalia. Nilianza kona ya barabara nikaenda hadi mtoni, nikirudi naanza tena. Ukungu ukiwa mzito niliinama niyaguse. Ng'ombe wanalia zizini, mimi niko mpakani nagusa maua. Nikipata yote yako, moyo unatulia mpaka saa ya chai. Baada ya chai unaanza tena. Nilikuwa nikiona Muriuki amesimama karibu na mpaka akiongea na simu, najua ameongea na mpimaji. Nikiona mke wake amenisalimu kwa ufupi, najua wamekaa kikao. Nilikonda. Watu wa kwaya wakaniuliza kama nina sukari.

Niliomba, ndiyo. Lakini niliomba vile mtu mwoga anavyoomba. Nilimwambia Mungu asimchukue Gichuki, basi. Mungu apewe sifa, hajawahi kutuahidi hivyo.

Kisha Gichuki akaanza kushika tumbo.

Kwanza alisema ni chakula cha hotelini. Akasema ni baridi ya mawe. Mwishowe hakuweza kuinua nyundo, tukashuka Nyeri hospitali, wakampima wakaona uvimbe. Daktari alitueleza vizuri na kwa upole. Alisema lazima apasuliwe, akatupa tarehe, akasema wataona ukubwa wa jambo wakishafungua. Mimi katika maneno hayo yote nilisikia neno moja tu, wakishafungua. Tulirudi nyumbani, na nilipofika nilishuka moja kwa moja kwenda kuangalia matoka. Mume wangu mgonjwa amekaa kwa kiti, na mimi niko mpakani. Mnaona woga unavyomfanya mtu?

Jioni hiyo nilimpa uji, nikajipa moyo. Nikasema, "Baba Wambui, kabla ya hospitali, si tuandike kitu? Hata kidogo tu. Ya shamba, na ya watoto."

Aliweka kikombe chini. Akaniangalia muda mrefu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepigwa. "Kumbe ushaninunulia sanduku," akasema. "Imebaki tu nilale ndani."

Nilimwambia sivyo. Akasema, "Shamba nilionyeshwa na baba yangu, watu wakiona. Hiyo maneno iliisha. Ama wewe uko na haraka?" Kisha akageukia ukutani.

Ndugu zangu, hilo liliniuma kuliko uvimbe wenyewe. Nampenda huyu mtu, nataka aishi mpaka azeeke na kuwa msumbufu, na yeye anadhani namngojea afe. Siku zilizofuata tuliongea tu mambo ya ng'ombe. Amekunywa, hajanywa, dawa ya kupe imeisha. Na huku tarehe ya hospitali inakuja.

Asubuhi moja nikiwa zizini, nimeegemea ubavu wa ng'ombe, nikashindwa kukamua. Machozi tu. Nikamwambia Mungu, "Baba, mimi sitaki mali ya mtu. Hata kama utafanya vile unataka, nione tu. Nione hapa nilipo." Hiyo ndiyo sala yangu yote. Haikuwa na aya ya Biblia, haikuwa na kelele. Ng'ombe mwenyewe hakugeuka.

Siku ya pili yake nilishuka mpakani kama kawaida. Kulikuwa na ukungu. Nilifika kona ya barabara nikainama niguse itoka la kwanza, mkono ukaingia kwenye shimo.

Nikagusa la pili. Shimo. La tatu, shimo! Udongo mbichi, vile vile kama wa Mama Njoki. Nilisikia jembe likigonga mbele yangu ndani ya ukungu, taratibu, likipumzika, likigonga tena. Nikajua ni Muriuki. Nikajua ameona ndugu yake anaenda kufa na hakutaka kungoja. Nataka niwaambie nilipiga kelele nikamkemea katika jina la Yesu, lakini ningekuwa nawadanganya. Nilitembea kuelekea sauti ile nikishikilia mkebe wa kukamulia, sijui nilitaka kumfanya nini nao.

Hakuwa Muriuki. Alikuwa ni Cucu.

Mama mkwe wangu, mgongo ulioinama, gumboti za marehemu mzee miguuni, shuka imefungwa kiunoni, anang'oa matoka ya mume wake moja baada ya jingine na kuyapanga kando kama viazi vya mbegu. Mama mwenyewe! Kama ni Muriuki ningeweza kwenda kwa chifu. Kama ni Cucu, nitaenda kwa nani? Niliona mambo yetu yamekwisha kabisa. Nikakaa chini kwenye umande.

Hakushtuka. Alisema bila kuacha kulima, "Umechelewa leo. Kila siku unakuja kabla ya jogoo."

Nikaweka mkebe chini.

"Mimi huwa nakuona kutoka jikoni," akasema. "Kila asubuhi uko hapa unagusa hizi maua ukienda ukirudi. Nikasema, huyu msichana atakufa kabla ya bwana yake. Nikangoja hawa vijana waniulize ile karatasi. Wananiogopa. Nikangoja tena. Hakuna mtu anasema. Kwa sababu maua iko, kila mtu anajiona ako sawa." Akapiga jembe chini, akalitegemea. "Sasa haiko. Sasa wataongea."

Ndugu zangu, nataka mnielewe hapa. Nilikuwa nimemwomba Mungu anione. Kumbe alikuwa ananiona muda wote kupitia dirisha la jikoni la mama mkwe wangu, kila asubuhi, nikizunguka kwenye ukungu na mkebe wangu. Nililia pale chini mpaka Cucu akaniambia niamke, kwamba nikipata homa ya mapafu nitaongeza gharama.

Kufikia saa nne kelele ilikuwa imeenea ng'ambo zote. Muriuki alikuja mbio akiwa na kiatu kimoja. Gichuki naye alitoka kitandani akiwa ameshika tumbo, akanyoosha kidole kwa ndugu yake bila kuuliza. Muriuki akanyoosha kwetu. Walikuwa karibu kushikana mashati mbele ya watoto, mgonjwa na mzima, Cucu akaja katikati yao na jembe lake lina udongo, akasema ni yeye.

Mngeona wanaume wazima wakishusha vidole kama watoto wa shule.

Aliwaambia waingie nyumbani kwake, akampigia Nyakio simu Kianyaga apande gari aje siku hiyo hiyo. Muriuki akauliza Nyakio anahusika na nini na yeye aliolewa. Cucu akamwambia, "Yeye alitoka kwa tumbo ile ile. Na hata wewe, Muriuki, unasimama ukijivuna uko kwa shamba yako. Shamba yako iko wapi? Wewe uko kwa shamba ya mtu amekufa, kama huyu mke wa ndugu yako. Nyinyi mnaishi ni kama baba yenu alienda safari, atarudi."

Muriuki alikaa chini. Baadaye aliniambia kwamba yeye pia alikuwa na woga wake. Kijana wake alitaka kuweka hati dhamana apate mkopo wa ng'ombe, akarudishwa, na Muriuki akaona aibu hata kumwambia mke wake. Kila nyumba ilikuwa na woga wake imeuficha ile nyingine isiujue, na mpaka ulikuwa maua tu.

Kesho yake tulienda wote Nyeri kwa wakili, Cucu akiwa mbele. Ofisi iko ghorofani juu ya duka la mbegu, na Cucu alipanda zile ngazi akilalamika kila hatua. Wakili ni mama kama sisi. Muriuki alimweleza kwamba baba yao alitoa wosia kwa mdomo, watu wakisikia, mbuzi akaliwa. Wakili akasema wosia wa mdomo sheria inaukubali ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini aliyeusema akiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema, hauna nguvu tena. Mzee alikuwa ameishi miaka. Muriuki akasema, "Kwa hivyo baba angekufa haraka ndio tusaidike?" Hata Gichuki alicheka, akashika tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu hospitali.

Basi tukafanya ilivyotakiwa. Tulienda kwa chifu akatuandikia barua yenye majina ya wote mzee aliowaacha, mjane wake na watoto wote, walioolewa na wasioolewa. Huwezi kuruka binti ati kwa sababu yuko Kianyaga. Nyakio aliulizwa anataka nini, akasema anataka tu mahali padogo pa kurudi akifukuzwa na mtu wake, kisha akacheka peke yake, na tukaona si mzaha. Akapewa sehemu yake karibu na Cucu. Wote wakatia sahihi kwamba wamekubali. Wakili akapeleka kortini, jambo likatangazwa kwa gazeti la serikali ili mwenye neno aseme, na tukaambiwa tungoje. Mpimaji akaja akatupigia vigingi kwa makubaliano yetu.

Lakini korti ina mwendo wake, na tarehe ya hospitali haikungoja korti. Hapo wakili akamgeukia Gichuki. Nilifumba macho, nikijua Gichuki atasema ya sanduku. Wakili akamwambia, "Wewe unaweza kuandika wosia wako leo. Hata ile sehemu unangojea kwa baba yako, andika itaenda kwa nani. Kuandika haikuiti kifo. Mimi yangu niliandika nikiwa na mimba, na huyo mtoto ako shule."

Gichuki aliniangalia. Nilikuwa nimeangalia viatu vyangu. Akasema, "Andika. Ya Mama Wambui na wasichana."

Akaandika wosia. Nyumba na sehemu yake ya shamba kwangu na kwa wasichana. Ikitokea sote wawili hatupo kabla hawajakua, Nyakio awalee. Ndama mmoja kwa Cucu. Kisha zikahitajika sahihi za mashahidi wawili wa kumwona akitia sahihi, na Cucu akanyoosha mkono apewe kalamu. Wakili akamwambia hapana, shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu. Cucu akafikiri, akasema, "Basi abaki na ndama yake, mimi nipewe kalamu." Tulimbembeleza. Mashahidi wakawa mzee mmoja wa kanisa na fundi mwenzake Gichuki.

Na kwa ushirika alikokuwa akiweka akiba, tulikuta ameandika jina la baba yake kuwa ndiye wa kupokea akifa. Aliliandika akiwa kijana, kabla ya kunioa, akasahau. Pesa za mume wangu zilikuwa zimeandikiwa marehemu! Ndugu zangu, nendeni mkaangalie majina yenu. Msicheke, nendeni tu.

Alipasuliwa. Nilikaa nje ya ule mlango na wifi yangu, na sitawadanganya kwamba sikuogopa. Niliogopa. Lakini ulikuwa woga safi, woga wa kumpenda mtu. Ule mwingine wa mashimo na ukungu haukuwa umekaa nasi kwenye lile benchi. Niliweza kumwombea mume wangu kama mume, bila kumfikiria kama mlango ambao ukifungwa niko nje.

Mungu alitupa naye muda mzuri baada ya hapo. Alikula, alinenepa kidogo, alimfundisha Wambui kutumia timazi, ile kamba ya fundi ya kunyoosha ukuta. Tuliongea tena, si mambo ya ng'ombe peke yake. Siku moja jua likiwa limetoka akaniambia, "Nilidhani unataka niende. Kumbe ulikuwa unataka kubaki." Nikamwambia ndiyo, ni hivyo tu. Kisha uvimbe ukarudi mahali pengine, na hawakuweza tena. Tulimzika kwetu, juu kidogo ya zizi, ndani ya vigingi.

Najua kuna mmoja hapa anayesema, sasa ushuhuda ni upi na mume alikufa. Ngoja, mama, niko karibu kumaliza, hata chakula nakisikia harufu.

Wageni walipokwisha kwenda, na hema limerudishwa, niliketi jikoni na wasichana. Nikaona kwa dirisha Muriuki anashuka na jembe begani. Peke yake. Wosia uko, barua ya chifu iko, sahihi ziko, na bado mwili ulikumbuka Mama Njoki. Nilimshika Wambui mkono. Nilisema kwa moyo, Bwana, nimeandika kila kitu, sasa hii ni yako.

Muriuki hakuja mlangoni. Alienda mpakani. Kando yake alikuwa na gunia, na alipolimwaga niliona ni yale matoka. Cucu alikuwa ameyaweka nyuma ya jiko lake muda wote huo akiyafunika na majani yasikauke. Muriuki akaanza kuchimba. Nilitoka nikasimama mbali kidogo. Alikuwa anapanda kutoka kigingi hadi kigingi, sawasawa na mpimaji alivyopima, na mahali mstari wa zamani ulikuwa umekula upande wetu alisogea upande wake.

Bila kuniangalia akasema, "Baba alipanda haraka haraka. Hii laini haikuwa imenyooka." Halafu akasema, "Mwambie Wambui alete ile timazi ya baba yake."

Wambui akaileta. Walipanda pamoja mpaka mtoni, amu na binti wa ndugu yake, wakibishana juu ya kunyooka. Mimi nilirudi jikoni nikalia kilio cha mjane, kilio chenyewe, ambacho nilikuwa sijapata nafasi ya kukilia.

Ndugu zangu, korti imemaliza. Hati yetu imetoka, ina jina langu na majina ya wasichana, na Cucu sasa anamsumbua wakili aandike wosia wa kuku zake. Namshukuru Mungu aliyeniona zizini. Namshukuru kwa mama mkwe mwenye jembe. Na wewe uliyekaa hapo na woga wako chini ya kitenge, ukidhani kunyamaza ni heshima, mwamini huyo Mungu. Mwamini, kisha leo ukifika nyumbani umuulize mume wako, au mama yako, hati iko kwa jina la nani. Atanuna. Uliza ukiwa unampa uji, na akigeukia ukutani, kesho mpe uji tena uulize.

Wiki hii, nikijiandaa kuja huku, Mama Njoki aliniuliza kama yale maua yameshika. Nilifikiri kidogo. Siku hizi nikiamka naenda moja kwa moja zizini.

Nikamwambia sijui. Sijaenda kuangalia.